Urea ya mjomba ilienda wapi? Kisa cha shamba la hei Masasi

Nianze na mfuko wenyewe, maana mi ndo niliuuza. Februari 2022 mjomba alikuja dukani ninapouza pembejeo hapa Masasi, anataka mbolea ya kukuzia majani ya Rhodes (majani ya malisho anayoyakausha kuwa hei ya kulisha mifugo) aliyopanda msimu wa nyuma yake, eka mbili na nusu upande wa barabara ya Nachingwea. Akaniuliza ipi nzuri. Nikamjibu kama nilivyokuwa namjibu kila mtu, chukua urea mjomba, ndo yenye naitrojeni nyingi kuliko zote (naitrojeni ndo chakula kinachokuza majani). Kipindi hicho bei ya mbolea ilikuwa imechachamaa, urea imepita laki moja mfuko wa kilo 50, na hela aliyoshika ilikuwa ile ya korosho iliyobaki baada ya ada za shule. Akachukua mifuko mitatu, akatumia miwili na nusu, yaani mfuko mmoja kwa eka.

Mwezi wa tano akakata. Alikuwa anategemea marobota (mafungu ya hei) kama 160, akapata 118. Kilichomuuma sio hesabu tu, pembeni mwa shamba kulikuwa na ukanda ambao mbolea haikufika, na ukisimama kati huoni tofauti ya maana kati ya ukanda ule na pale alipomwaga pesa yake. Akanipigia simu: "Mpwa wangu, ile uliyoniuzia ni mbolea kweli au chumvi ya kupikia?" Sikulala vizuri siku ile. Mtu wa nje akikulaumu unaweza kujitetea, mjomba akikulaumu unapanda pikipiki unaenda shambani.

Jambo la kwanza lililokuja kichwani mwa kila mtu, mimi nikiwemo, ni mbolea feki. Bahati nzuri nusu mfuko ulikuwa umebaki stoo kwake, umefungwa vizuri juu ya mbao. Tukachukua kijiko kikubwa tukatia kwenye glasi ya maji. Urea halisi inayeyuka yote, haiachi mchanga wala unga chini, na glasi inakuwa ya baridi mkononi kama umeitoa kwenye friji, kwa sababu urea ikiyeyuka inavuta joto la maji. Hii yetu iliyeyuka ikaisha, glasi ikapoa mpaka mke wake mjomba akaishika mara mbili kuhakikisha. Sio kipimo cha maabara, ila kilitutoa kwenye hasira ya kumtafuta mwizi, tukaanza kuuliza maswali ya shambani.

La pili ikawa udongo. Shamba la majani limepakana na mikorosho, na kila mwaka kuanzia mwezi wa sita watu wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Salfa ile inashuka chini, bakteria wa kwenye udongo wanaigeuza kuwa asidi, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuipinga. Tukapima, pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ndo asidi) ikaja 5.2. Ni udongo wenye asidi, sio wa kufurahia, ila Rhodes ilikuwa imesimama pale na mkato wa kwanza ulikuwa mzuri, kwa hiyo asidi peke yake haiwezi kueleza kwa nini sehemu yenye mbolea na isiyo na mbolea zifanane.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilitakiwa kumuuliza siku ile dukani kabla sijagusa mfuko: uliimwaga siku gani, na mvua ilinyesha lini?

Akakumbuka vizuri sana. Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, zinaanza kama Desemba mpaka Aprili hivi au Mei, lakini mwishoni mwa Januari kwenda Februari mara nyingi inakatika, jua linawaka siku kadhaa mfululizo mpaka mahindi yanajikunja. Kwa mtu wa hei hicho kipindi ni zawadi, maana ndo unaweza kukata mkato wa kwanza ukaanika siku tatu ukafunga bila kuloanishwa. Mjomba alifanya hivyo hivyo. Alikata kwenye jua kali, akakusanya, akabeba marobota yake, na kesho yake asubuhi, akiwa amefurahi kwamba kazi inaenda kwa wakati, akamwaga urea juu ya visiki, yale mashina mafupi yanayobaki majani yakikatwa. Mvua ya kueleweka ilikuja baada ya siku tisa. Katikati hapo kulikuwa na umande kila alfajiri na siku moja manyunyu ya kulaza vumbi tu.

"Halafu kulikuwa na harufu," akasema mke wake, ambaye muda wote alikuwa anachambua mbaazi pembeni hasemi kitu. "Asubuhi ya pili yake nilipita pale kwenda kisimani, nikasema hapa mbuzi wa nani wamelala, kunanuka mkojo."

Hapo kisa chote kikafunguka. Ile harufu ndo urea ya mjomba ilikuwa inaondoka.

Inakuwa hivi. Urea kwenye mfuko imetulia, hainuki, haiendi popote. Ikipata unyevu kidogo inakutana na kimeng'enya kinachoitwa yureasi, ambacho kimejaa kwenye udongo na kimejaa zaidi kwenye majani yaliyokufa, visiki na takataka za juu, na hicho kimeng'enya kinaivunja kuwa amonia, gesi yenye harufu kali. Hilo sio baya, maana lazima ivunjwe ndo majani yaweze kuitumia. Swali ni ivunjikie wapi. Ikivunjikia ndani ya udongo, amonia inashikwa pale, inageuka amoniamu, mizizi inakula. Ikivunjikia juu, kwenye joto, juu ya visiki na majani makavu, inapaa na upepo. Umande wa alfajiri ni mbaya kuliko ukavu kabisa, kwa sababu unayeyusha punje bila kuipeleka chini, alafu jua la saa nne linamalizia. Na mtu asiniambie udongo wetu una asidi kwa hiyo amonia haiwezi kupaa, kwa sababu pale punje ilipokaa, ikianza kuvunjika inapandisha pH ya eneo lake dogo lile mpaka juu ya 8, udongo wa pembeni uwe na asidi kiasi gani.

Sasa angalia mtego ulivyotegwa. Siku nzuri ya kukausha hei ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kumwaga urea, na kalenda ya mkulima inazikutanisha siku hizo mbili, maana akimaliza kukata ndo anakumbuka kulisha shamba. Juu yake weka kwamba shamba la hei lililotoka kukatwa limefunikwa visiki na mabaki, sehemu ambayo yureasi iko kwa wingi. Kwenye mahindi hili halikuwa linatuumiza sana kwa sababu ukiwa na shina la mhindi unachimba kidogo pembeni, unaweka mbolea ya kujaa kizibo cha soda, unafukia. Kwenye majani ya kudumu utafukia wapi? Ushauri wangu wa dukani ulikuwa ushauri wa mahindi, nikampa mtu wa majani. Hili nalisema wazi kwa wauzaji wenzangu, kwa sababu najua wengi tunajibu hivyo hivyo mpaka leo.

Msimu uliofuata tukaamua tusibishane, tupime. Msimu wa 2022/23 ndo ruzuku mpya ya mbolea ilianza, mfuko wa urea ukashuka kuwa shilingi 70,000, CAN (kalsiamu amoniamu naitreti) 60,000 na SA (salfeti ya amonia) 50,000. Wakulima wengi wanaangalia bei ya mfuko wanaona SA ndo rahisi, lakini mfuko sio naitrojeni. Urea ni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13. SA ni asilimia 21, yaani kilo kumi na nusu, ingawa ina salfa pia. Ukigawanya, kilo moja ya naitrojeni kwenye urea ilikuwa kama 3,040, kwenye CAN 4,600 na ushee, kwenye SA karibu 4,760. SA yenye mfuko wa bei ya chini kuliko yote ndo naitrojeni yake ghali kuliko yote.

Shamba tukaligawa vipande vitano vya nusu eka kwa kamba na vigingi vya mti. Mkato wa kwanza vyote vilikuwa vimepata samadi ile ile, mjomba anaichukua kwa wafugaji wenye maboma ng'ambo ya mto, hawa waliokuja Lindi na Mtwara baada ya kuondolewa bonde la Usangu, Mbeya, miaka ya 2006 na 2007 (wengi wanawaona kama ugomvi tu, ila mjomba anabadilishana nao hei kwa samadi na hawajawahi kukosana). Tulitaka kila kipande kinachopata mbolea kipate naitrojeni sawa, kilo kumi na moja na nusu. Kwa urea hiyo ni kilo 25, nusu mfuko. Kwa CAN ni kilo 44. Kwa SA ni kilo 55, yaani mfuko mzima na kilo tano juu. Tukaazima mzani wa korosho tukapima kila kitu chini ya mwembe, na mjomba alipoona lile rundo la SA pembeni ya kale karundo kadogo ka urea alicheka, akasema hizi zote ni chakula sawa? Nikamwambia naitrojeni ni sawa, kinachozidi ni mzigo wa kubeba.

Tarehe 20 Februari akakata. Tarehe 23 hei ikiwa imeshabebwa, kipande cha kwanza hatukuweka kitu. Cha pili tukamwaga urea siku ile ile, makusudi, kama alivyofanya mwaka wa nyuma. Cha tatu ni urea pia ila ikarudi stoo kusubiri mvua. Cha nne CAN na cha tano SA, zote siku ile ile na ile urea ya kwanza. Mvua ikachelewa siku nane. Siku ya nane mchana, tarehe 3 Machi, wingu likafunga upande wa Ndanda, mjomba akachukua kilo zake 25 akarusha kipande cha tatu kwa haraka, na kabla hajafika nyumbani akawa ameloa. Kwenye uwanja tulikuwa tumeweka kopo lenye pande zilizonyooka, asubuhi maji yalikuwa yamepita upana wa kidole. Mvua ya kiasi hicho ndo unayoihitaji, milimita 10 mpaka 15 hivi inatosha kuisukuma urea chini ya visiki. Manyunyu hayahesabiki.

Mwanzoni mwa Mei, majani yakiwa ndo yanaanza kuchanua, tukakata tena. Marobota tulifunga kwa kisanduku cha mbao cha kushindilia hei, tukapima kumi kwenye mzani, wastani kilo 15. Kipande kisicho na mbolea kilitoa marobota 15. Urea ya siku ya jua, 25. Urea ya siku ya mvua, 31. CAN 30, SA 31.

Nataka tusome hizi namba kwa adabu. Ni shamba moja, msimu mmoja, kila kitu kipande kimoja tu, kwa hiyo mtu asinishike shati kwamba SA imeishinda CAN kwa robota moja, hiyo inaweza kuwa kichuguu tu kilichokuwa kwenye kipande. Tofauti ninayoiamini ni ile ya urea kwa urea, mfuko ule ule, mkono ule ule, wa siku ya jua umeongeza marobota 10 na wa siku ya mvua umeongeza 16. Ile ya jua, karibu theluthi mbili tu ya nyongeza ilibaki. Na rangi ilisema kabla ya mzani, kuanzia wiki ya tatu ukisimama barabarani ulikuwa unaona kipande cha pili kimepauka kijani cha limao, na cha tatu kimeiva kijani cha kisamvu, kamba ya mpaka katikati kama umepiga rula.

Kwenye hela ndo inavutia zaidi. Nusu mfuko wa urea ni shilingi 35,000. Ikimwagwa na mvua, kila robota la nyongeza liligharimu kama 2,190. Ikimwagwa kwenye jua, 3,500. CAN ya kilo 44 ilikuwa 52,800, kwa marobota 15 ya nyongeza unapata 3,520 kila moja, na SA 55,000 kwa 16, kama 3,440. Kwa maana nyingine urea iliyomwagwa siku mbaya ilikuwa imeshapoteza urahisi wake wote, bei yake kwa robota imefika ya CAN na SA, na bado umepata hei pungufu. Mwezi wa tisa mjomba aliuza kila robota kwa shilingi 5,000 kwa mama mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa mjini. Yale marobota sita yaliyopungua kwenye nusu eka ni 30,000 iliyopaa, karibu na bei ya nusu mfuko wenyewe.

Kwa nini sasa CAN na SA hazikudhurika na zile siku nane? Kwa sababu naitrojeni yake sio urea, haihitaji kuvunjwa na yureasi. SA ni amoniamu tayari. CAN ni nusu amoniamu, nusu naitreti, aina nyingine ya naitrojeni ambayo mizizi inaila. Kwenye udongo wetu wenye asidi zinakaa pale juu zikisubiri, umande ukiziyeyusha hazigeuki gesi kirahisi. CAN ina udhaifu wake upande mwingine, naitreti haishikwi na kichanga, ikija mvua ya kumwaga siku mbili tatu mfululizo inazama chini, na ingawa mizizi ya Rhodes inaenda mbali sana majani yaliyotoka kukatwa hayana haraka ya kuifukuza. Mwaka ule mvua haikuwa ya fujo kwa hiyo hatukuliona hilo. Mtu wa bondeni mwenye mvua kubwa atagawa CAN mara mbili.

SA nilitaka niipende, mzee mmoja jirani anaisifia sana na majani yake ni mazuri. Lakini kwake hakuna mikorosho karibu, na kichanga kisichopata salfa kinaweza kuwa kinaililia hiyo salfa ya SA. Kwetu salfa inashuka bure kutoka kwenye mikorosho kila mwaka. Na SA, kwa kila kilo ya naitrojeni, inatia asidi kwenye udongo kama mara tatu ya urea. Kwenye pH 5.2 kumwagia SA kila msimu ni kujichimbia shimo taratibu, huoni mwaka wa kwanza wala wa pili. Mjomba nimemwambia kipande cha tano asirudie SA, na kabla ya msimu mwingine tutafute chokaa ya kilimo.

Mambo mawili zaidi ambayo kisa hiki kilinifanya niyaangalie kwa makini. Moja ni kwamba hei ni kubeba shamba lako na kulipeleka kwa mtu. Tani moja ya majani makavu inaondoka na potasiamu, kirutubisho kingine, kilo 15 mpaka 20 hivi, na naitrojeni inavyozidi kukuza majani ndivyo potasiamu inavyozidi kubebwa, hata ukipiga hesabu zako zote za urea vizuri, baada ya misimu kadhaa kichanga kitagoma. Ndo maana yale mabadilishano ya hei kwa samadi nayaona yana thamani kuliko mjomba mwenyewe anavyodhani. La pili ni ng'ombe wa yule mama. Naitrojeni nyingi, alafu ukame, majani yanajaza naitreti kwenye shina kwa sababu hayakui kuitumia, na ikizidi ni sumu kwa ng'ombe, na kukausha hei hakuiondoi. Kwa hiyo ukimwaga mbolea ikakatika mvua na majani yamenyong'onyea, usikate wiki hiyo, subiri mvua irudi majani yakue siku kadhaa. Na mifuko ya urea ifungwe mbali na zizi, ng'ombe akiilamba peke yake anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Sasa hivi dukani mtu akiniuliza mbolea ya majani simjibu kwa jina la mbolea. Namuuliza umekata lini, visiki vina mabaki kiasi gani, na je, una pa kuihifadhi ikae pakavu mpaka wingu lifunge? Mwenye pa kuhifadhi na anayekaa karibu na shamba namwambia achukue urea, bado ndo rahisi kuliko zote kama utaweza kuisubirisha. Anayekaa mbali, anayekuja shambani Jumamosi tu na kurusha mvua iwepo isiwepo, huyo ninampa CAN hata kama ananung'unika bei, maana hiyo siku yake ya Jumamosi ndo inayomchagulia mbolea.

Mjomba yeye ameweka utaratibu wake. Hei ikibebwa, urea inakaa stoo juu ya mbao. Anaipa mvua siku kumi. Zikipita na machipukizi yameanza kurefuka bila mvua ya kidole, anaiacha urea pale pale na kurusha CAN, mfuko mmoja anaoutunza kwa kazi hiyo tu, kwenye nusu eka ya karibu na nyumba, na sehemu iliyobaki inaendelea kusubiri.